Mto, Vilima na Reli ya Leicester: Turathi Zilizookolewa na Watu wa Kawaida

Mgeni atokaye Mombasa, Unguja au Kampala kwenda kuwazuru jamaa zake katika mji wa Leicester, Uingereza, aghalabu huonyeshwa mambo matatu: nyumba ya ndugu, msikiti wa mtaa na maduka ya Belgrave Road. Hayo ni mambo mema, na hakuna anayeyadharau. Lakini mtu aweza kukaa mwezi mzima katika mji ule, akarudi kwao, asijue kwamba nyuma tu ya maduka yale upo mto wenye njia ya kutembelea kwa miguu kutoka mwisho mmoja wa mji hadi mwingine, kwamba ziko hifadhi za ndege na paa, na kwamba pembeni mwa mji garimoshi la mvuke bado linachoma makaa ya mawe na kubeba abiria. Linalosikitisha zaidi ni kwamba hata watoto waliozaliwa pale, ambao mji ule ni kwao, wengi wao hawajafika sehemu hizo.

Makala haya, ndugu msomaji, yanakusudia kuzitaja sehemu hizo moja baada ya moja na kueleza zilivyopatikana. Kwani hakuna hata moja iliyojileta yenyewe. Takriban zote zilikuwa kinamasi, shimo au chuma kilichotupwa, mpaka watu walipotoa ardhi, fedha au mikono yao ili zibaki kuwa mali ya wote.

Mji ulioambiwa umejaa

Leicester iko kiasi cha kilomita 160 kaskazini ya London. Idi Amin alipotangaza mwezi Agosti 1972 kwamba Waasia wa Uganda wana siku 90 za kuondoka, halmashauri ya mji huo ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwashauri wahamiaji wasielekee Leicester kwa hoja kwamba nyumba, shule na huduma zake zilikuwa zimekwisha kuzidiwa. Juu ya hayo, maelfu walikwenda. Wengine walikuwa wametangulia kutoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wengine walifuata kutoka Tanzania na Malawi. Leo wapo wazee katika mitaa ile ambao Kigujarati au Kikachi chao bado kimejaa maneno ya Kiswahili.

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wakazi zaidi ya 368,000, na hakuna jamii hata moja iliyofikia nusu yao. Waislamu peke yao walikuwa asilimia 23.5. Kwa hiyo hawa si wageni tena. Wanalipa kodi, wanapiga kura, wanazika wafu wao pale. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa Uingereza kwa miaka mingi umeonyesha mara kwa mara kwamba jamii zenye asili ya Asia na Afrika huzuru mashamba, misitu na mbuga za nchi ile kwa uchache kuliko jamii nyingine.

Sababu zake hazifichiki. Kizazi cha kwanza kilishughulika na paa la nyumba na riziki. Siku za mwisho wa wiki duka halifungwi, na jioni mtoto yuko madrasa. Wengine hawana gari, wengine hawajui njia, na wengine huona haya kuingia mahali ambapo huenda wakawa wao peke yao wenye kanzu au buibui. Udhuru huo ulikuwa na nguvu kwa babu. Kwa mjukuu umedhoofika, na hasara yake ni kubwa: anakulia katika nchi asiyoijua ila kwa nyumba, shule, duka na msikiti.

Kuufuata Mto Soar

Njia nyepesi ya kuanza haihitaji gari wala nauli, nayo ni kuufuata mto. Mto Soar hutoka kusini, hupasua mji katikati, kisha huteremka kaskazini hadi kuungana na Mto Trent. Tangu mwaka 1794 sehemu zake zilitengenezwa ili mashua za mizigo zifike Leicester, na makaa ya mawe yakaingia mjini kwa njia ya maji miaka mingi kabla ya reli. Leo mashua zipitazo ni za matembezi, na njia walimokanyaga farasi waliozivuta zamani hukanyagwa na wenye baiskeli na mama wanaosukuma vigari vya watoto.

Upande wa kusini mto hupita Aylestone Meadows, hifadhi ya asili iliyo kubwa kuliko zote zinazosimamiwa na mji. Ni nyasi, mifereji, matete na miti ya kando ya maji. Mgeni akiiona wakati wa masika ya Ulaya atadhani ni ardhi iliyosahauliwa na wajenzi, na kumbe ina kazi kubwa: mvua zinapozidi, mbuga hizo huyapokea maji ya mto na kuyatandaza polepole, yasiingie kwa kishindo katika nyumba za watu. Hapo pana daraja la mawe la karne za kati, jembamba, lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo. Karibu yake inapita njia pana iliyonyooka iitwayo Great Central Way. Unyoofu wake una sababu, kwani hapo ndipo zilipolala reli za treni ya London.

Ukifuata maji kuelekea kaskazini utafika Abbey Park. Ardhi yake ilikuwa ya chepechepe, ikifurika kila mara, mpaka halmashauri ilipoupanua na kuunyoosha mto, kisha ikaigeuza sehemu hiyo kuwa bustani ya watu wote. Ilifunguliwa mwaka 1882, wakati ambapo Leicester ilikuwa mji wa viwanda vya soksi na viatu, na mfanyakazi hakuwa na mahali pa kuvuta hewa isipokuwa uchochoro wake. Ndani ya bustani pana magofu ya nyumba ya watawa alikofia Kadinali Thomas Wolsey mwaka 1530, aliyekuwa mtu mwenye nguvu kupita wote Uingereza baada ya mfalme wake, Henry wa Nane, kabla hajamkasirisha. Na bustani hii haiko mbali. Iko jirani kabisa na mtaa wa Belgrave, kiasi kwamba aliyekwenda kununua vitambaa aweza kufika kwa miguu kabla chai haijapoa katika chupa.

Mbele kidogo pana jengo lenye dohani refu, Abbey Pumping Station. Lilianza kazi mwaka 1891, na kazi yenyewe ilikuwa kuyasukuma maji machafu ya mji hadi mashamba ya Beaumont Leys, baada ya miaka mingi ya maradhi yaliyotokana na uchafu kuingia mtoni. Injini zake nne kubwa za mvuke, zilizoundwa Leicester kwenyewe na kampuni ya Gimson, ziliendelea hadi 1964. Sasa ni makumbusho. Mtoto anayedhani kwamba maji safi hutoka bombani kwa desturi tu, na apelekwe pale aone uzito wa chuma uliohitajika ili wazee wa mji ule waache kufa kwa kuhara.

Mashimo yaliyogeuka maziwa

Baada ya Belgrave bonde la mto hupanuka, na hapo ndipo lilipo eneo la Watermead. Maziwa yake mengi hayakuumbwa na mto. Ni mashimo ya kokoto. Katika karne ya 20 makampuni yalichimba mchanga na kokoto za kujengea barabara na nyumba, na yalipomaliza yaliacha makorongo yaliyojaa maji. Mashimo kama hayo tunayafahamu vyema hata katika miji yetu, na tunajua yanavyoweza kuwa: jalala, au kaburi la watoto waendao kuogelea. Huko Leicester mamlaka za mji na za mkoa ziliamua vingine. Kingo zilisawazishwa, miti na matete yakapandwa, njia zikatengenezwa, na ndege wakaja wenyewe.

Leo utawaona korongo wakisimama kimya kama walinzi, mdiria akipita kwa kasi kama mshale wa buluu, na bata maji weupe wenye shingo ndefu wakiongoza vifaranga vyao. Juu ya kilima kimoja imesimamishwa sanamu ya mamothi, yule ndovu mwenye manyoya wa zama za barafu, kwa kuwa mifupa ya wanyama wa kale ilipatikana katika kokoto za bonde hilo.

Mzazi atakayekaa ukingoni jioni ya mwezi Julai awaonyeshe wanawe mbayuwayu wanaoteleza juu ya maji wakikamata wadudu. Ndege hao wadogo, wenye uzito usiozidi barua moja, huondoka Uingereza kila vuli, huvuka Sahara na kuteremka hadi Afrika ya Kusini, kisha hurudi kuzaa palepale walipozaliwa. Kwa mtoto ambaye bibi yake alizaliwa Jinja au Tanga, kiumbe huyo ana jambo la kumweleza kuhusu kuwa na makazi mawili.

Reli iliyokataa kufa

Si mbali na Watermead, katika mpaka wa kaskazini wa mji, iko stesheni ya Leicester North. Hapo ndipo inapoishia Great Central Railway.

Asili yake ni ndoto ya Sir Edward Watkin, mkuu wa makampuni ya reli, aliyetamani treni itoke kaskazini ya Uingereza, ipite London na kuendelea kwa njia ya chini ya bahari hadi Ufaransa. Njia ya chini ya bahari hakuipata, ila reli yake ya kuingia London ilifunguliwa kwa abiria mwaka 1899, ikiwa reli kuu ya mwisho kujengwa kuelekea mji ule katika karne ya 19. Ilijengwa imara, yenye madaraja mazito na miinuko midogo. Lakini ilikuja imechelewa, kwani miji mikubwa iliyopitia ilikwisha kuwa na reli nyingine.

Mwaka 1963 Dakta Richard Beeching alitoa ripoti yake mashuhuri, akipendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,000 na takriban kilomita 8,000 za reli nchini kote, kwa kuwa magari yalikuwa yakiwachukua abiria na hasara ikiongezeka. Treni za Leicester hadi London kwa njia hii zilikoma mwaka 1966, na kipande kilichosalia kati ya Nottingham na Rugby kikafungwa mwezi Mei 1969. Kwa desturi ya wakati ule yaliyokuwa yakifuata ni kung'oa vyuma, kuuza vipande na kuacha nyasi ziote.

Katika mwaka huohuo kikundi cha wapenzi wa reli kilianza kujikusanya kuizuia hali hiyo. Hawakuwa matajiri. Walichangishana, wakauza hisa ndogondogo, na wakatumia siku zao za mapumziko kusugua kutu. Mwaka 1973 treni yao ya kwanza ilitembea kati ya Loughborough na Quorn. Mwaka 1991 wakafika Leicester North. Njia ya pili, ambayo shirika la reli la taifa lilikuwa limekwisha kuiondoa, waliitandika upya, na mwaka 2000 treni zikaanza tena kupishana zikiwa katika mwendo. Hakuna reli nyingine ya turathi yenye ukubwa kamili katika Uingereza nzima inayoweza kuonyesha jambo hilo.

Safari yenyewe ni ya kilomita 13, na huchukua kama nusu saa kwenda. Treni haikimbii, kwani sheria huzizuia reli za aina hii kuzidi kilomita 40 kwa saa, na hilo ni neema kwa anayetaka kutazama. Kila stesheni imerudishwa katika zama zake: Rothley inaonekana kama ya mwanzoni mwa karne ya 20, kwa taa na mabango yake, Quorn ni ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Loughborough ni ya miaka ya mwisho ya mvuke. Kati ya Rothley na Quorn treni hupita juu ya bwawa la Swithland, lililotengenezwa mwishoni mwa karne ya 19 ili kuupatia mji maji, na kwa dakika moja abiria huona maji pande zote mbili.

Jambo la kuzingatia ni watendaji wake. Mchocheaji moto aliyejaa masizi, mkaguzi wa tiketi aliyevaa kofia, mtu wa kibandani anayevuta mitaimbo ya ishara: wengi wao hawapokei mshahara. Ni walimu, mafundi, makarani na wastaafu waliojitolea. Kazi yao haijaisha. Mwaka 2017 daraja liliwekwa juu ya reli kuu ya Midland huko Loughborough, likiwa ni hatua ya kuziba pengo la mita 500 hivi linaloitenga reli hii na kipande chake kingine kiendacho upande wa Nottingham. Ila nywele nyingi chini ya kofia zile ni nyeupe, na anayejua kusikiliza injini na kutambua inalalamikia nini hakujifunza kwa juma moja. Elimu hiyo itapotea isipopata vijana wa kuirithi.

Kilima alichotoa Bennion

Kiasi cha kilomita 10 kaskazini-magharibi ya mji, karibu na kijiji cha Newtown Linford, ipo Bradgate Park. Ni hekta zipatazo 340 za majabali, magugu, mialoni mikongwe na kijito kinachoporomoka juu ya mawe. Paa na kulungu wa aina mbili hutembea humo bila kizuizi, kama walivyofanya kwa karne nyingi tangu ilipokuwa uwanja wa mawindo wa wakubwa.

Katikati yapo magofu ya matofali mekundu ya nyumba ya ukoo wa Grey. Humo alilelewa Lady Jane Grey, msichana msomi aliyetawazwa malkia mwaka 1553 kwa njama za watu wazima, akatawala siku tisa tu, na mwaka uliofuata akakatwa kichwa London kabla hajafika umri wa miaka 18.

Kwa karne kadhaa ardhi hiyo ilikuwa ya ukoo mmoja. Ilipotiwa sokoni katika miaka ya 1920, aliinunua Charles Bennion, mwenye viwanda vya mitambo ya kutengenezea viatu, kisha mwaka 1928 akaitoa kwa watu wa Leicester na mkoa wake, ibaki katika hali yake ya asili daima kwa ajili ya furaha yao. Msomaji wetu hahitaji kufafanuliwa maana ya mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe, manufaa yake yakiachiwa umma. Neno la wakfu analijua. Bennion alifariki mwaka uliofuata, na kuingia kwa miguu mpaka leo ni bure, ingawa mwenye gari hulipa maegesho.

Vilima hivyo vya Charnwood vina hazina nyingine pia. Wanasayansi walikuwa wakiamini kwamba mawe ya zama zake ni ya kale mno kuweza kuwa na alama ya kiumbe chochote. Mwaka 1956 binti wa shule, Tina Negus, aliona umbo kama la jani katika jabali, na mwalimu wake akakataa kwamba jambo hilo lawezekana. Mwaka 1957 mvulana wa shule, Roger Mason, aliliona umbo hilohilo, na safari hii mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester akaenda kutazama. Kiumbe hicho kiliitwa Charnia masoni, kikakadiriwa umri wa miaka takriban milioni 560, na vitabu vya elimu ya miamba vikalazimika kuandikwa upya. Sir David Attenborough, aliyekulia Leicester na aliyekuwa akitafuta mawe ya aina hiyo utotoni, ameeleza kwamba hakujishughulisha na vilima vya Charnwood kwa sababu aliaminishwa hamna kitu. Watoto wawili walioamini macho yao ndio waliowatangulia wakubwa.

Nasaha kwa familia

Anayetaka kwenda na azingatie machache. Siku ya kwanza ifanywe fupi: Abbey Park na mto vyatosha. Reli ya mvuke husafiri zaidi siku za mwisho wa wiki na likizo za shule, hivyo ratiba iangaliwe kabla ya kutoka. Bradgate huhitaji viatu vya kukamata mawe na koti la mvua hata jua likiwaka. Kulungu wasilishwe wala wasikaribiwe, hasa mwezi Oktoba ambapo madume hupigana. Chakula kifungwe nyumbani, na taka zirudi nyumbani. Nyasi ni nyingi na mkeka ni mwepesi, kwa hiyo adhuhuri na alasiri hazina sababu ya kupita. Wazee wachukuliwe pamoja: bibi aliyepanda garimoshi kutoka Kampala kwenda Mombasa utotoni mwake atakuwa na mengi ya kuwasimulia wajukuu pindi filimbi itakapolia pale Rothley.

Kisha, baada ya matembezi ya kwanza, mwenye nafasi na arudi mara ya pili kwa ajili ya kazi. Hifadhi za kando ya mto zina siku za kuokota taka na kupanda miti. Reli ina karakana inayohitaji mafundi wa umeme, maseremala, washoni wa viti na wahasibu, na jamii yetu haina upungufu wa watu hao. Misikiti na madrasa nayo yaweza kupanga safari moja kila msimu kwa watoto wasio na gari nyumbani. Kwani ardhi ya umma isiyo na watumiaji ndiyo inayokuwa nyepesi kukatwa viwanja, na halmashauri yenye upungufu wa fedha huanza kupunguza pale ambapo hapana wa kulalamika. Wazazi wa watoto hao waliambiwa mji umejaa, wakaingia na kuujenga. Mto, vilima na reli ni sehemu ya mji huo, na kuvitunza ni juu yao pia.